Mto Uliosingiziwa

Redio ya marehemu Harrison Buya ilianza kukoroma adhuhuri moja, katikati ya matangazo ya vifo. Gladys, mjane wake, aliipiga kibao cha mgongoni jinsi mumewe alivyozoea kuipiga, na redio ikatapika maji. Si matone. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalimwagika kutoka kwenye spika, yakateremka ukutani hadi sakafuni, na ndani yake mlikuwa na tope laini na kisamaki kimoja ambacho bado kilikuwa kikirusharusha mkia.

Kilikuwa kiangazi kikali. Mto Tana ulikuwa umenywea mpaka migongo ya viboko inaonekana, na paa la mabati la nyumba ile lilikuwa limesahau mvua inanukaje. Gladys alitazama paa, akatazama redio, kisha akafanya ambalo wengi wetu hufanya tukikutana na jambo lisilo na maelezo: akachukua kitambaa akapiga deki.

"Mama," Charity akaita kutoka chumbani. "Nani anaoga hapo nje?"

"Hakuna mtu."

"Nasikia maji yanagonga ukuta. Hapa chini, karibu na kitanda."

Charity alikuwa binti wa miaka kumi na minne, mgonjwa wa moyo, na mgonjwa husikia mengi. Hivyo ndivyo mama yake alivyojituliza. Kesho yake redio haikuwepo. Kutoka kwenye rafu hadi mlangoni, na kutoka mlangoni kupitia shamba la ndizi hadi ukingoni, kulikuwa na njia ya unyevu, pana kiasi cha mtu aliyetambaa. Jua la kijiji kile, chini kidogo ya Garsen, hukausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Njia ile ilibaki mbichi mpaka jioni.

Jambo hili lilikuwa na chanzo, na Gladys alikijua. Hakutaka tu kukijua.

Harrison alikuwa mwanajeshi mstaafu, na cheti chake cha kustaafu jeshi alikipenda kuliko wengine wanavyopenda ng'ombe. Mgeni alionyeshwa cheti kabla ya kupewa hata maji ya kunywa. "Nikifa mnizike nacho," alikuwa akisema. "Huko niendako wataniuliza nilikuwa nani." Watu walicheka, lakini neno la marehemu ni zito, na alipokufa, mdogo wake Gershom alikikunja cheti ndani ya nailoni, akakitia katika mfuko wa shati la jeshi alilovikwa maiti, akafunga na kifungo. Matanga yalijaa walimu, wazee wa kanisa na watu wenye digrii zao. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba walio hai nao huulizwa karatasi.

Baada ya hapo moyo wa Charity ukaharibika. Daktari wa Malindi alisema vali moja imechakaa, apasuliwe kabla ya mvua za masika, la sivyo mwili hautasubiri. Hospitali ya wanajeshi Nairobi ingempokea kama mtoto wa askari, ila mama alete cheti cha baba.

Gladys alikwenda kwa karani wa askari wastaafu pale Garsen.

"Cheti hutolewa mara moja tu, mama," karani alimwambia. "Kikipotea, Nairobi wanakupa nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri. Lakini lazima uape mbele ya wakili kwamba kimepotea, na ueleze kilipoteaje."

"Na kama hakijapotea? Kama kiko tu mahali?"

"Basi si ukilete?"

Angesema nini? Kwamba kiko mfukoni mwa maiti? Kufukua kaburi kunataka amri ya korti, na korti ina miezi yake. Zaidi ya yote aliona haya. Akaondoka, akaenda kwa wakili Ishmael, aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na Charity akaketi kwenye benchi akihema.

"Mafuriko," wakili alisema kabla hata hajaelezwa vizuri. "Watu wote wa mto huu wamepotezewa na mafuriko, hakuna atakayeuliza. Lakini usiseme cheti peke yake. Mafuriko gani hayo ya kuchagua karatasi? Eleza vizuri, mama."

Gladys aliweka mkono juu ya Biblia. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha wakili akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mwongo akisifiwa hutia chumvi.

"Maji yaliingia ndani. Yalianza na redio ya mume wangu. Yakachukua sanduku la bati, na cheti kilikuwa ndani yake. Yakachukua kitanda cha binti yangu. Hata mimi mwenyewe yalinibeba. Mungu tu ndiye anajua nilitokaje."

"Hapo sasa," wakili akasema. "Na hayo yote ni kweli tupu?"

"Ni kweli tupu. Ee Mungu nisaidie."

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka ule wa mafuriko mto ulimeza nusu ya kijiji. Ulichukua mbuzi, ulichukua maghala ya mpunga, ulichukua nyumba ya mchungaji na kinanda chake. Ulipofika kwa Gladys ulipanda mpaka kizingitini, ukakilamba, ukasimama. Alfajiri ukageuka ukarudi ulikotoka. Gladys mwenyewe alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akalia, watu wakapiga makofi. Huo ndio mto aliousingizia wizi, mkono ukiwa juu ya Kitabu.

Lilipofuata sanduku, hakuweza tena kupiga deki akanyamaza. Ilikuwa adhuhuri tena, saa ile ambayo hata kuku hutafuta kivuli. Alikuwa jikoni nje akichambua mchicha, akasikia bati likikwaruza sakafu, polepole, kama mtu mwenye adabu anayehamisha mzigo bila kutaka kuamsha mgonjwa. Alipoingia, sanduku halikuwepo. Alilikuta ukingoni mwa mto, kifuniko wazi, na nguo zake zote zimetandazwa juu ya tope moja moja, kanga mbali, shuka mbali, soksi za Harrison zimewekwa jozi kwa jozi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu humo na hakukiona.

Akakimbilia nyumbani. Aliporudi na Gershom, sanduku na nguo vilikuwa vimekwenda, na tope limelainika kama halijaguswa.

"Shemeji," Gershom akanong'ona, "ni mamba amevuta."

"Mamba anakunja soksi?"

Gladys akamweleza yote pale pale, kiapo chote, na alipomaliza alikuwa akilia, kwa sababu alikuwa ameona kinachofuata. Redio. Sanduku. Kitanda cha binti yangu.

Alikwenda kwa wakili siku hiyo hiyo kutaka kukana. Ishmael alimtazama kama mtu aliyeomba kurudishiwa moshi.

"Kiapo kimeshafika Nairobi, mama. Ukikikana, nakala haitoki. Na wewe utashtakiwa kwa kuapa uongo. Nani atamuuguza msichana ukiwa ndani?" Kisha akateremsha sauti. "Kwani umeona nini?"

Gladys alipanda bodaboda akarudi. Akikana, Charity anakosa kupasuliwa. Akinyamaza, kitu kile kinakuja kumchukua kitandani. Hakukuwa na upande wa kukimbilia.

Usiku huo Charity alilala kwa Gershom, katika kitanda cha wageni. Kulipopambazuka, mlangoni kwa Gershom kulikuwa kumesimama kitanda cha Charity chenyewe, kile cha kamba kilichoachwa nyumbani, miguu yake minne ikichuruzika maji ya matope, mto wa kulalia umewekwa vizuri upande wa kichwa. Mke wa Gershom alipiga kelele, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba anampenda shemeji yake lakini wagonjwa wawe wanalala kwao.

Wakarudi na kitanda chao. Gladys alimtandikia bintiye mkeka, akaketi mlangoni na panga mapajani. Mchana ule joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Charity, mwili ukimuuma kwa sakafu, alijiinua kimyakimya akapanda kitandani, akapitiwa na usingizi, na Gladys akasinzia kidogo tu, akashtuliwa na harufu: tope bichi, majani ya ndizi yaliyooza, na samaki, harufu yote ya mwaka wa mafuriko. Akageuka. Sakafu ilikuwa imelegea kama jaluba la mpunga, inang'aa, inatikisika, na kitanda kilikuwa kinaelea juu yake, kinayumba kama mtumbwi uliofunguliwa kamba, kinaelekea mlangoni taratibu huku Charity amelala chali juu yake, nywele zake zimelowa, midomo imegeuka bluu, mkono mmoja umening'inia na vidole vyake vinachora mstari kwenye maji ambayo hayakuwa na sababu ya kuwepo, na kando ya kitanda, pale ambapo mtu angesimama ili akisukume, hapakuwa na mtu, ila maji yalikuwa yamegawanyika kama yanavyogawanyika kwenye magoti ya mtu anayevuka mto. Gladys alitupa panga, akazama mpaka nyonga, akamkumbatia binti yake akamvuta, na kitu upande wa pili kikashikilia kitanda. Hakikumshikilia mtoto, ni kitanda tu kilichoshikiliwa. Wakaanguka nje juani wote wawili. Aliporudi kuchungulia, sakafu ilikuwa kavu, ngumu, ina vumbi. Kitanda kilikuwa kimesimama katikati ya chumba, kinasubiri.

Ndipo alipotumwa mtu kumwita Bi Hanan. Huyu alikuwa mwanamke wa Kipini aliyeuza ubani na udi sokoni Garsen. Wakristo wa mtoni walimcheka mchana wakiwa wengi, na kumwita kwa siri wakiwa peke yao. Alikuja na mkoba wake, na kabla ya kuwasha chochote aliinama akanusa mguu wa kitanda.

"Huyu si wa baharini," akasema. "Wa baharini anuka chumvi. Huyu ni mwenyewe wa mto. Wamzulia nini, mwanangu?"

Gladys akamwambia. Bi Hanan alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba bila kutoa ubani.

"Hapa hapana cha kufukuza. Wewe wamwita mwizi mbele ya Kitabu cha Mungu. Majini nao wana dini zao, na kiapo wakiogopa kuliko sisi. Hakuchukii. Yuwataka tu maneno yako yawe kweli."

"Nimpeleke mtoto mbali? Nairobi?"

"Ulisema kitanda cha binti yako. Popote atakapolazwa, hicho ndicho kitanda chake. Hata hicho cha hospitali."

Gladys alikaa chini.

"Basi mpe kwa mkono wako, kitupu, kabla hajakijia na mtu ndani," Bi Hanan akasema. "Kilichotolewa hakiibwi. Na hicho cheti pia, kwa kuwa uongo wote watoka hapo. Akiwa nacho, kiapo kimetimia, atakuacha. Ulitaja nini kingine?"

"Redio, sanduku, kitanda. Vingine amechukua tayari."

"Ni hivyo tu? Fikiri."

"Ni hivyo tu, Bi Hanan."

Walifukua kaburi siku ya Jumapili, kijiji kizima kikiwa kanisani, Gershom na jembe, Gladys na karai. Udongo wa juu ulikuwa mkavu wa kupasuka. Waliposikia mbao, Gershom alisali kwa Kipokomo, akabandua kifuniko, na wote wawili wakarudi nyuma. Jeneza lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, maji yaliyotulia, safi kuliko ya kisimani. Harrison alikuwa chini yake, na sitasema zaidi kumhusu kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima. Mfuko wa shati ulikuwa umefunguliwa kifungo. Nailoni ilikuwa imetolewa, imelazwa juu ya kifua, na cheti kilikuwa ndani, kikavu.

"Mto ulishakifikia," Gershom akasema, meno yakigongana katika jua lile. "Ungetaka kuiba, ungekuwa umeiba zamani."

Gladys alizamisha mkono akakitoa. Ni hapo shetani wa kawaida, yule wa kila siku, alipompitia. Alikuwa ameshika cheti chenyewe. Hakuhitaji nakala, muhuri wala Nairobi. Kesho angepanda gari na Charity wakaingia hospitalini.

"Shemeji," Gershom akasema, naye amewaza hilo hilo. "Hiki hapa. Mtoto atapona wiki hii."

"Atapona alale wapi?"

Walifukia kaburi, wakabeba kitanda wawili mpaka ukingoni. Gladys aliingia mtoni hadi magotini, akaweka cheti juu ya kamba, akasema kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani msamaha mbele ya watoto wake, "Ulinihurumia, nikakusingizia. Hivi hapa. Ni vyako." Akasukuma. Kitanda hakikuzama wala kuchukuliwa na mkondo. Kilikwenda moja kwa moja hadi katikati, kikashuka wima.

Baada ya hapo nyumba ilipoa. Harufu iliondoka, Charity akalala mkekani, na adhuhuri zikarudi kuwa za kuku na nzi. Gladys alihesabu kila pumzi ya binti yake akisubiri Nairobi, na kabla ya masika karani wa Garsen akampigia simu. Nakala ilikuwa imekuja. Ilikuwa safi, kavu, ina muhuri wa buluu na sahihi, na jina la Harrison Buya limesimama wima kama alivyokuwa akisimama mwenyewe. Gladys aliibusu mbele za watu. Hospitali ikatoa tarehe.

Siku ya safari walikuwa watatu kituoni Garsen: Charity, mama yake, na Gershom wa kubeba mizigo mpaka Nairobi. Walikuwa wameshaketi ndani ya basi, Charity dirishani, bahasha mapajani mwa Gladys. Injini ilikuwa inanguruma. Charity aliegemea bega la mama yake akacheka kidogo.

"Mama, wewe huogopi kitu. Siku ile kwa wakili ulisema maji yalikubeba hata wewe. Mbona hiyo hujawahi kunihadithia?"

Gladys alihisi nyayo zake zinapoa. Alitazama chini, na kwenye sakafu ya basi, katikati ya vumbi na maganda ya njugu, palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamezunguka viatu vyake viwili tu. Viatu vya Charity vilikuwa vikavu. Harufu ya tope na majani ya ndizi ikapanda.

Akawaza siti hii, barabara, wodi, yeye ameketi kando ya kitanda cha mtoto wake, na kitu kinakuja kumchukua pale.

Akasimama.

"Shemeji, chukua hii bahasha. Usiiache hata ukienda chooni."

"Unaenda wapi? Gari linatoka!"

"Nimesahau kitu nyumbani. Nitawafuata."

Gershom alimtazama, akatazama chini, akaona. Gladys alimshika Charity uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko wanavyotazamana watu wanaoachana siku mbili.

"Baba mdogo atakuwa na wewe. Daktari akikwambia lala, lala. Usiogope kitanda."

"Utakuja kesho?"

"Pumzika, mama."

Akashuka, na unyevu ukashuka naye, ukamfuata hadi alipopanda bodaboda.

Nyumbani alifagia. Alikunja mkeka wa Charity, akaosha sufuria, akafungua mlango wazi kabisa, akaketi kwenye kigoda akiuelekea. Aliogopa sana, akaishika simu kwa mikono miwili. Alimkumbuka Bi Hanan akisema kilichotolewa hakiibwi, na akaona ni afadhali akutwe ameketi kwake kuliko kukamatwa akikimbia. Adhuhuri iliingia. Kuku wakakimbilia kivulini. Mahali fulani nyuma ya migomba, ambako mto ulikuwa umenywea na kuacha mchanga mtupu, maji yakaanza kugonga kitu, taratibu.

Simu ikalia mkononi. Ulikuwa ujumbe wa Gershom: wamepita Malindi, Charity amelala, anapumua vizuri.

Gladys alisoma mara mbili, akashukuru kwa sauti, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko woga. Alipoinua macho, maji yalikuwa yameshapita migomba, yanakuja uwanjani bila haraka, yamegawanyika katikati kwa umbo la magoti mawili. Yalipanda ngazi. Yalifika kizingitini, yakakilamba kama mwaka ule.

Safari hii hayakusimama.